Namba Pembeni ya Bei: Je, Kalori Kwenye Menyu Humzuia Mlaji?

Mama yangu alipokwenda Umra, picha ya kwanza aliyonitumia kwa simu haikuwa ya Msikiti Mtukufu. Ilikuwa picha ya ubao wa vyakula katika mgahawa mmoja wa kuku, jirani na hoteli aliyofikia mjini Makka. Chini yake aliandika: "Mwanangu, hebu nisomee hapa. Kuku na chipsi ni riyali elfu moja na hamsini?"

Nilitazama kwa haraka. Palikuwa na 24, na pembeni yake 1,050, kisha neno la Kiarabu lenye herufi sini, aini na ra. Pamoja na miaka yangu yote ya chuo, nilisoma si'r, yaani bei, neno ambalo mwanafunzi wa fiqhi hukutana nalo katika milango ya biashara. Nikamjibu: "Mama, toka hapo, hao ni walanguzi." Akatoka, akanunua mkate na tende.

Jioni nilipoitazama picha ile kwa utulivu, niliona mwisho wa neno kuna herufi nyingine. Halikuwa si'r, bali su'ra, neno ambalo Waarabu wa leo hulitumia kwa maana ya kalori. Bei ilikuwa riyali 24. Ile 1,050 ilikuwa kiasi cha nguvu kilichomo katika sahani. Nilimpigia simu kumwomba radhi, akacheka sana. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mama anaishi na kisukari kwa mwaka wa tisa sasa. Ile namba iliwekwa pale kwa ajili ya mtu kama yeye, na si yeye wala mwanawe msomi aliyeitambua.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia jambo hili. Namba hizi zilitoka wapi? Na swali lililo kubwa zaidi: mtu mwenye njaa, akiiona namba, hubadili anachoagiza?

Kalori ni kitu gani

Ndugu msomaji, kalori ni kipimo cha nguvu. Kalori moja ya chakula ni kiasi cha joto kinachotosha kuipasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi. Mwili huchoma chakula taratibu kama jiko linavyochoma mkaa, na nguvu hiyo ndiyo inayotuwezesha kusimama, kufanya kazi na kuwaza. Isiyotumika huwekwa akiba, na akiba yenyewe aghalabu ni mafuta ya mwilini.

Gramu moja ya wanga au ya protini ina kalori takriban 4. Gramu moja ya mafuta ina 9. Hapa ndipo ilipo siri ya vyakula vya kukaanga. Gramu mia moja za viazi vya kuchemsha zina kalori karibu 90. Viazi hivyo hivyo vikikatwa na kuzamishwa katika mafuta ya moto, gramu mia moja za chipsi hufikia kalori karibu 300. Soda ya kawaida ya nusu lita nayo hubeba takriban kalori 200, na hushuka tumboni bila kumshibisha aliyeinywa.

Menyu za Marekani na za Uingereza humkumbusha mlaji kuwa mtu mzima huhitaji takriban kalori 2,000 kwa siku. Hicho ni kipimo cha jumla. Mbeba mizigo bandarini huhitaji zaidi, na bibi kizee anayeshinda barazani huhitaji pungufu. Lakini kipimo hicho kinatosha kumwonesha mtu kwamba sahani moja ya kalori 1,050 ni zaidi ya nusu ya siku nzima.

Namba zilivyoanza kubandikwa

Mji uliotangulia katika jambo hili ni New York. Mwaka 2006 bodi ya afya ya mji huo, wakati wa Meya Michael Bloomberg, ilipitisha kanuni ya kuzitaka baadhi ya kampuni za migahawa kuandika kalori kwenye mbao zao za vyakula. Wenye migahawa walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 kanuni hiyo ikatenguliwa. Mji haukukata tamaa. Mwanzoni mwa 2008 uliitunga upya, safari hii kwa kampuni zenye matawi 15 au zaidi nchini Marekani, na mwaka huo huo namba zikaanza kuonekana kaunta.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Watu wengi siku hizi hula nje ya nyumba zao. Anayepika nyumbani anajua ametia vijiko vingapi vya mafuta, lakini anayenunua dirishani hajui. Akijulishwa, walisema, atachagua vyema.

Mwaka 2010 sharti hilo likaingizwa katika sheria ya afya ya Rais Barack Obama, kwa kampuni zenye matawi 20 au zaidi, ingawa utekelezaji wake wa nchi nzima ulichelewa hadi Mei 2018. Saudi Arabia iliwataka wenye migahawa kuandika kalori kuanzia mwaka 2019, na ndiyo maana mahujaji na mamutamiri wetu huzikuta huko. England ilifuata Aprili 2022, kwa makampuni yenye wafanyakazi 250 au zaidi.

Risiti zinasema nini

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa New York katika mitaa ya watu wenye kipato kidogo. Watafiti walisimama nje ya migahawa ya McDonald's, Burger King, Wendy's na KFC, wakawaomba wateja risiti zao na kuwauliza maswali machache. Walifanya hivyo kabla ya namba kubandikwa na baada yake. Kwa ajili ya kulinganisha, walifanya vivyo hivyo katika mji wa Newark ulio jirani, ambako namba hazikuwapo.

Karibu nusu ya wateja wa New York walisema waliziona namba. Miongoni mwa walioziona, zaidi ya robo walisema ziliwaathiri katika kuchagua. Kisha watafiti wakajumlisha kalori zilizonunuliwa kwa mujibu wa risiti. Hawakuona mabadiliko.

Sidhani kuwa watu wale walisema uongo. Mtu huweza kuiona namba, ikamgusa, akaazimia kwa dhati, na bado mkono wake ukaagiza kile ulichozoea kuagiza. Nani kati yetu hajawahi kuazimia kupunguza sukari kwenye chai, akajikuta amekwisha kuitia?

Serikali ya mji ule nayo ilifanya hesabu yake katika matawi 168 ya kampuni 11, ikilinganisha mwaka 2007 na mwaka 2009. Wastani wa jumla haukubadilika kwa kiasi cha kutajika. Lakini walipowatenga wateja waliosema kuwa walizitumia namba, takriban mmoja katika kila saba, waligundua kuwa hao walinunua chakula chenye kalori 106 pungufu ya wenzao. Hivyo basi, namba zilimfaa yule aliyezitafuta.

Katika uchunguzi huo mna jambo moja lililonirudisha kwenye kosa langu la Makka. Katika migahawa ya Subway, kalori zilizonunuliwa hazikupungua. Ziliongezeka kwa karibu asilimia 18. Sababu ni kwamba katika kipindi hicho kampuni hiyo ilikuwa ikiuza mkate wake mrefu wa inchi kumi na mbili kwa dola 5 tu. Namba ya kalori ilikuwa palepale ubaoni, lakini namba ya bei ilisema kwa sauti kubwa zaidi. Si'r iliishinda su'ra. Mimi nilizichanganya kwa uzembe wa kusoma; wale walizisoma zote mbili sawasawa, wakaifuata ile iliyogusa mfuko. Wala siwezi kumlaumu baba mwenye watoto wanne na dola chache mkononi kwa kuchagua mkate mkubwa.

Palipokuwa na unafuu wa maisha, matokeo yalikuwa mengine kidogo. Wachumi waliochunguza mauzo ya Starbucks katika mji huo huo waliona kalori kwa kila mauzo zimepungua kwa asilimia 6. Nusura nyingi zilitokana na vitafunwa, si vinywaji: watu waliacha keki, hawakuacha kahawa. Na katika migahawa 104 ya vyakula vya haraka kusini mwa Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kuwa baada ya namba kuwekwa, kila malipo yalipungua kwa kalori 60 hivi, kisha kiasi hicho kikaanza kupanda tena taratibu. Jicho lilikuwa limeizoea namba.

Wataalamu wanaokusanya tafiti za namna hii na kuzipima kwa pamoja walikadiria mwaka 2018 kwamba namba kwenye menyu hupunguza takriban asilimia 8 ya kalori katika mlo. Walipoongeza tafiti mpya, mwaka 2025, makadirio yao yalishuka hadi karibu asilimia 2, yaani kalori 11 tu katika mlo wa kalori 600. Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini aliyetarajia kwamba namba pekee ingeondoa unene na kisukari mijini, hesabu hii inamjibu.

Kushoto na kulia

Kuna uchunguzi mmoja ambao naamini utawavutia wasomaji wa gazeti hili kuliko wengine. Watafiti wa Marekani walijiuliza: je, tatizo laweza kuwa mahali namba inapoandikwa? Kwa kawaida jina la chakula hutangulia upande wa kushoto, na kalori hufuata upande wa kulia. Mteja husoma "baga ya jibini", mate yakamjaa, na namba inapofika moyo umekwisha kuamua.

Wakaigeuza menyu, namba ikawekwa kushoto kabla ya jina la chakula. Wateja wakaagiza kalori pungufu. Kisha wakaijaribu hoja yao kwa wasomaji wa Kiebrania, ambacho, kama Kiarabu, husomwa kuanzia kulia. Kwa hao mambo yaligeuka: namba iliwaathiri ilipokuwa upande wa kulia, maana huko ndiko jicho lao linakoanzia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019.

Maana yake ni kwamba onyo linalotangulia husikilizwa, na onyo linalokuja baada ya hamu hupuuzwa. Wazazi wetu walilijua hili bila maabara. Ndiyo maana mama alikuwa akitulisha nyumbani kabla ya kutupeleka harusini.

Muuzaji naye hujitazama

Isidhaniwe kwamba namba hizi hazina faida ila kwa mnunuzi. Kampuni inapolazimika kuandika hadharani kuwa kinywaji chake kina kalori 900, huanza kuona haya. Waliofuatilia menyu za makampuni makubwa ya Marekani wamebaini kuwa vyakula vipya vilivyoingizwa katika miaka ya sheria hii vilikuwa na kalori pungufu kuliko vilivyotangulia. Faida hiyo humfikia hata asiyejua kusoma.

Kwa mwanafunzi wa fiqhi jambo hili si geni. Tunakijua kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevunyevu chini. Alimtaka muuzaji auweke juu, watu wauone. Hakumkataza kuuza, wala hakuwakataza watu kununua. Alichotaka ni kwamba kilicho chini kiletwe juu. Namba pembeni ya bei ni jaribio la kufanya hivyo kwa mafuta na sukari, ambavyo macho hayawezi kuvitambua ndani ya sahani.

Namba isiyosema yote

Pamoja na hayo, tusiipe kalori daraja isiyostahiki. Mama aliponiuliza, "Kwa hiyo nikila chenye namba ndogo, sukari yangu itatulia?", ilinibidi nimwambie hapana. Soda ya kalori 200 na bakuli la maharage la kalori 200 hulingana kwa namba, lakini hayalingani ndani ya damu ya mwenye kisukari. Kalori haisemi kuna sukari kiasi gani, wala chumvi kiasi gani kwa mwenye shinikizo la damu. Saudi Arabia imeliona pengo hilo, na tangu Julai 2025 migahawa yake inatakiwa pia kuweka alama kwenye vyakula vyenye chumvi nyingi na kutaja kiasi cha kafeini katika vinywaji.

Aidha, wapo watu ambao namba huwadhuru. Wenye maradhi ya kuogopa kula, na wengi wao ni mabinti wadogo, huweza kuigeuza namba kuwa fimbo ya kujichapia. Kwa sababu hiyo sheria ya England inamruhusu mwenye mgahawa kumpa mteja menyu isiyo na kalori akiiomba. Mzazi mwenye binti anayejinyima chakula asimhesabie kalori mezani. Ampeleke kwa daktari.

Kwetu, ambako ubao hauna namba

Ubao wa kibanda cha chipsi mtaani kwetu una bei peke yake. Chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku, basi. Hakuna anayejua mafuta yale yamekaangia mara ngapi tangu asubuhi. Je, tusubiri sheria?

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye ninayeandika orodha ya manunuzi kila watoto wa madrasa wanapomaliza mitihani. Kwa miaka minne orodha hiyo ilikuwa moja: chipsi, kuku wa kukaanga, soda. Baada ya kisa cha Makka nilikaa na kalamu. Gramu 250 za chipsi ni kalori 750 hivi. Soda ya nusu lita, 200. Tayari ni 950 kabla ya kuku, kwa mtoto wa miaka minane ambaye mahitaji yake ya siku nzima hayafiki hizo 2,000 za mtu mzima. Tulikuwa tukiwalisha kwa mapenzi, na bila kujua.

Nilipeleka hesabu hiyo kikaoni. Wazee walinisikiliza kwa adabu, kisha mweka hazina akauliza swali moja: "Katibu, hicho unachotaka kitagharimu kiasi gani?" Nilitambua kuwa si'r imerudi. Bahati njema, safari hii zilikuwa upande mmoja. Tulipoiondoa soda na kuweka maji, fedha zilizobaki zilinunua machungwa ya watoto wote. Chipsi hatukuziondoa, tulipunguza kipimo, tukaongeza kachumbari. Watoto wawili walininunia hadi Ijumaa. Wengine walikula machungwa, wakaenda zao kucheza mpira.

Kutokana na niliyoyasoma na haya machache niliyoyafanya, namshauri mwenye familia mambo manne.

La kwanza, amueni kabla ya njaa. Mnapotoka nyumbani kwenda kula nje, semeni mapema mtaagiza nini. Mbele ya kaunta, na harufu ya kuku puani, uamuzi huwa umekwisha kuchukuliwa na tumbo.

La pili, anzeni na kinywaji. Maji badala ya soda huondoa kalori 200 bila mtu kushinda na njaa, na hupunguza gharama.

La tatu, gawaneni. Sahani moja kubwa ya chipsi kuku huwatosha wawili wakiongeza kachumbari na tunda. Mafundisho ya theluthi tatu za tumbo tuliyoyapata utotoni ni kipimo kinachobebeka popote, hata pasipo ubao.

La nne, ulizeni. Muuzaji anayeulizwa kila siku juu ya mafuta yake, mwishowe atayabadilisha. Na hii migahawa mikubwa yenye matawi mengi katika miji yetu, ambayo vipimo vyake ni vya aina moja kila tawi, haioni tabu kuandika bei. Hatuoni kwa nini ione tabu kuandika kalori. Tuwaombe kwa upole, na tuwaombe wengi.

Lakini tusijidanganye kwamba namba ikishawekwa kazi imekwisha. Watu wa New York waliwekewa, na risiti zao zikaonesha kuwa namba humsaidia zaidi aliyefika pale na azma yake. Azma hiyo hujengwa jikoni mwetu na katika mazungumzo ya baba, mama na watoto, siku nyingi kabla ya kufika kaunta.

Mama sasa analijua neno lile. Majuzi mke wangu alimwandalia sambusa, akaishika moja, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Hii ina su'ra ngapi, mwanangu?" Nikamwambia sijui kwa hakika, ila imekaangwa. Akala moja, akairudisha ya pili sahanini.

Mwenyezi Mungu atupe afya na atuwezeshe kuitunza. Wallahu a'lam.